Kasha la njumu linakwenda Kanada: je, litapasuka?

Swali: "Assalaam alaykum Fundi. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Unguja huu mwaka wa nane, tumepanga Mbweni. Tumepata ukaazi wa Kanada na In shaa Allah baada ya miezi sita tunahamia Edmonton. Nyumba imeshakuwa kama mnada, kila jirani anayeingia kunisalimia anatupa jicho kwenye kitu na kuniambia, 'Hiki mkiondoka nikumbuke.' Mume wangu anataka tuuze kila kitu tuondoke na mabegi ya nguo tu. Mimi kuna vitu vitatu moyo haukubali kuviacha: kasha la njumu, lenye bamba na misumari ya shaba, tulilonunua kwa familia moja ya Mji Mkongwe, kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita chenye nguzo za besera, na meza ya kulia ya mwembe tuliyochongesha mwaka jana. Yeye anasema baridi ya kule itavipasua vyote. Mtu mmoja kaniambia mbao ya zamani imeshakufa, haipasuki tena. Mwengine kaniambia nipake vanishi mikono mitatu, nizungushie nailoni, basi. Na mume wangu huyo huyo anataka tuchukue mbao chache za mninga tukachongeshe kabati kule. Nani kasema kweli?"

Wa alaykumu salaam dada yangu. Umeniuliza habari ya mbao, lakini nimesikia na jengine: mna miezi sita tu, na kila mnapokaa kula kuna kitu kimoja cha kubishania. Nitakujibu kwa upande wa mbao, maana ndiyo kazi yangu, na naamini nusu ya ubishi wenu itakwisha mkijua ni kipi kinafaa kusafiri na kipi hakifai.

Nianze na shemeji, kwa sababu yeye ndiye aliyeukaribia ukweli. Vitu vyenu vinaweza kupasuka kweli. Lakini baridi haina kosa. Ubao mkavu ukiuweka nje kwenye theluji hautapasuka kwa ajili ya baridi peke yake. Kinachopasua ni ukavu wa hewa, na ukavu huo utaukuta ndani, sebuleni, palipowashwa joto watu wakakaa na fulana.

Ushahidi unao nyumbani kwako. Mwezi wa nne, masika yakikolea, ile saraka ya chini ya kasha inang'ang'ania. Unaivuta kwa mikono miwili, inatoka upande mmoja kwanza, unaigonga kwa kiganja, ndiyo inakubali. Kiangazi cha Januari saraka hiyo hiyo inateleza kwa kidole kimoja. Hakuna aliyeipiga randa wala kuipaka nta. Imenyonya unyevu wa masika ikavimba, kisha ikautoa ikanywea. Mbao hufanya hivyo mwaka hadi mwaka, na haijali kama mti ulikatwa juzi au enzi za babu wa babu yako. Kwa hiyo yule aliyekwambia mbao ya zamani imekufa kakosea. Mbao kavu ina utulivu kuliko mbao mbichi, hilo ni kweli, lakini kunyonya na kutoa unyevu haiachi.

Sababu iko katika umbile lake. Ubao ni fungu la mirija myembamba iliyolala upande mmoja, kama mirija ya soda uliyoifunga kwa kamba. Mti ukikatwa, maji yaliyomo ndani ya mirija hutoka kwanza, na umbo la ubao halibadiliki. Yakishakwisha hayo, hubaki maji yaliyonyonywa na kuta za mirija yenyewe, kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mbao ikiwa kavu kabisa. Hapo ndipo kunywea kunapoanza. Kuta zinakonda, mrija unakuwa mwembamba, lakini haufupiki. Ndiyo maana ubao hupungua upana na unene, na urefu wake karibu haubadiliki. Lishike hili dada yangu, kwa sababu kila nitakalokwambia huko mbele linatoka hapa.

Sasa tuhesabu. Unguja hewa yetu ni nzito. Mbao iliyokaa ndani ya nyumba hapa hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 mpaka 16 hivi. Nyumba ya Edmonton katikati ya majira ya baridi, kama hakuna anayeongeza unyevu hewani, mbao itateremka mpaka asilimia 6 au chini yake. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 1 hivi ya mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ukiiingiza ndani ukaipasha mpaka nyuzi 21, inaweza kubeba gramu 18, lakini anayeitilia hizo 17 zilizopungua hayupo. Basi inazitafuta yenyewe: kwenye midomo yenu, kwenye ngozi zenu, na kwenye kasha. Meza ya upana wa sentimita 90, ya mbao ya kawaida, ikishuka kutoka 15 mpaka 6, inaweza kupungua sentimita 2 kwa upana. Ikiwa fundi aliibana kwa skrubu kila pembe isiweze kusogea, zile sentimita 2 zitatoka kwa njia ya ufa.

Kwa hiyo mbao haipasuki kwa sababu imenywea. Inapasuka kwa sababu imenywea na kuna kitu kimeizuia.

Vanishi hailizuii hilo. Inapunguza kasi tu, na kasi ndogo ina faida yake, lakini baada ya wiki na miezi hewa itaipata mbao pale pale. Baya zaidi ni kupaka juu ukaacha chini, kwani upande mmoja unakauka mbele ya mwengine na ubao unajikunja. Na nailoni iliyobanwa juu ya mbao ndani ya kontena ni kuitafutia koga. Kontena likipigwa na jua mchana na kupoa usiku, maji hutona kutoka kwenye dari lake, na unyevu ulioufungia ndani ya nailoni hauna pa kutokea.

Nasema haya nikiwa nimeyalipia. Miaka mingi nyuma nilimchongea mteja kasha jipya la kwenda kaskazini ya Ulaya. Nilitaka lipendeze na liwe imara, basi nikalipaka vanishi ndani na nje, na kifuniko nikakikaza kwa vipingo viwili chini, yaani mbao za kukingama, skrubu tano kila kipingo. Januari akaniletea picha. Ufa umepita kifuniko kizima, kutoka ncha ya kushoto mpaka ya kulia, kidole kinaingia. Meli haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekikaza. Picha ile ninayo mpaka leo, na kila mwanafunzi anayeingia karakana yangu namwonesha kabla sijampa patasi.

Tuje kwenye kasha lako. Makasha mengi ya namna hii yaliletwa Unguja kwa majahazi kutoka Surat, Bombay na Ghuba, na mengi ni ya msaji. Toa saraka moja, igeuze, kwaruza kidogo kwa chini pasipopakwa kitu, kisha unuse. Msaji hunuka kama ngozi, na ukipapasa vidole vinateleza kama pana nta. Kama ni msaji, furahi, maana ni katika mbao zinazotulia zaidi. Shughuli iko kwenye njumu. Zile bamba na misumari ni shaba, na shaba hainywei pamoja na mbao. Ubao ukisinyaa, bamba linabaki na ukubwa wake, linafura katikati, na vichwa vya misumari vinanyanyuka kidogo kidogo. Mkiyaona hayo kule wakati wa baridi, tafadhalini msishike nyundo. Msumari ukiugonga kwenye ubao uliokauka unaanzisha ufa. Ngojeni majira ya joto, mbao ivute unyevu, bamba litalala lenyewe au litakaribia.

Kabla ya kusafiri, mtake fundi aangalie chini ya kifuniko. Akikuta vipingo vilivyokazwa kukatisha nyuzi za mbao, skrubu ya katikati aiache kama ilivyo, na matundu ya skrubu za pembeni ayarefushe kwa upande ubao unakosogea, ili kifuniko kinywee bila kushikwa. Kazi ya nusu siku. Asipige randa saraka inayobana masika! Kule haitabana tena, na akiipunguza itacheza kama jino.

Jambo jengine la kasha ni ruhusa. Kitu cha kale hakitiwi kontena kimya kimya. Lipige picha pande zote, na kwa ndani pia, andika ulilipata wapi na lini, kisha uende nazo kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale hapa mjini wakutazamie kama linahitaji kibali. Nenda mapema, sasa hivi, usingoje wiki ya mwisho mzigo ukiwa umeshafungwa. Na mtu akikushawishi uongeze na kipande cha mlango wa kale wa nakshi, mkatalie.

Kitanda ndicho chepesi kuamua. Mninga ni mbao tulivu sana, hunywea kidogo kuliko mbao nyingi tunazotumia hapa. Nguzo za besera, mifumbati ya ubavuni na vitakizo vya kichwani na miguuni vyote ni vipande virefu vyembamba, na urefu nimekwambia haubadiliki. Kitanda kinafunguliwa, kinakuwa fungu la vipande, hakichukui nafasi. Hatari yake ni viungo kulegea: ulimi unakonda ndani ya tundu lake na kitanda kinalia usiku. Kama kimefungwa kwa bolti, mtakuwa mnazikaza kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza. Kama kimegandishwa kwa gundi, mwambie fundi aache kukigandisha upya, atie bolti.

Lakini kuna jambo wanaohama hawalifikirii mpaka wafike. Kitanda chako ni futi tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72. Godoro la Kanada la upana huo huo ni inchi 60 kwa 80. Upana utaingia sawasawa, urefu utazidi inchi 8. Nimesikia watu waliolala mwaka mzima kwenye godoro lililowekwa chini, kitanda kizuri kimeegemezwa ukutani. Chongesheni mifumbati mipya miwili hapa hapa, mirefu zaidi inchi 8, kwa mninga uliokauka, pamoja na chaga za kujazia. Ile mifupi mwachieni fundi.

Ukikifungua, tazama kila kipande kwa kurunzi. Mninga mwekundu, ule wa moyo wa mti, wadudu hawaupendi. Lakini mafundi huacha ukanda mweupe pembezoni mwa ubao ili wasipoteze upana, na huo dumuzi anaupenda. Ukiona vitundu kama vya sindano na unga laini chini yake, huyo yumo ndani na anakula. Usimfunge umsafirishe. Mzigo wenye mdudu hai ukikamatwa bandarini unaweza kuzuiwa kwa gharama yenu. Hapo panataka mtaalamu wa kufukiza dawa, na msipulizie wenyewe chumbani mnamolala.

Meza ya mwembe, dada yangu, iache.

Najua si jibu ulilolitaka. Meza hii bado ni changa. Ubao wa unene wa inchi moja ukikaushwa kwa hewa peke yake unahitaji takriban mwaka mzima kabla haujaguswa na randa, na mwembe unaouzwa kwa haraka mara nyingi haukupata hata nusu ya muda huo. Pitisha kucha kwenye maungio ya mbao za juu. Kama kucha inaingia mahali ambapo mlipoipokea palikuwa laini, meza yenu bado inakauka hapa hapa Mbweni, penye unyevu wote huu. Kuipeleka Edmonton ni kuipa mtihani wa pili kabla haijamaliza wa kwanza. Isitoshe, mwembe unaliwa sana na dumuzi. Kati ya wale majirani wanaotupia macho vitu, mpe yule ambaye watoto wake wanakula chini. Ikibaki Unguja itadumu, na mkirudi likizo mtakaribishwa chakula juu yake.

Zile mbao za mninga anazozitaka shemeji nazo ziacheni. Katika mkutano wa 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, miti ya jamii ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya vitu vinavyouzwa nje kwa vibali. Fanicha iliyokwisha kuchongwa haimo kwenye masharti yale, lakini mbao zilizopasuliwa zimo, na bila vibali mnaweza kuzipoteza. Kama anataka mninga, achongeshe hilo kabati dogo hapa, lifunguke vipande. Ila mlitumie kabla ya kuondoka, kwa sababu Kanada inawaruhusu wahamiaji kuingiza vitu vyao bila ushuru kwa sharti kwamba walivimiliki na kuvitumia kabla ya kufika. Kitu kipya chenye harufu ya msasa kitaulizwa maswali. Andikeni orodha mbili: vitu mnavyofika navyo, na vitu vinavyofuata kwa meli. Zote mbili mzitoe siku ya kwanza mnapoingia, hata kama kontena litafika baada ya miezi mitatu. Kisichokuwemo kwenye orodha huenda mkakilipia ushuru.

Kufunga mzigo hakuna siri kubwa. Kila kipande kizungushiwe blanketi la pamba, juu yake katoni, na vifuko vya kunyonya unyevu vitiwe kati ya vitu. Kitu kisigusane na ukuta wala dari la kontena. Kama wafungaji watatumia sanduku au paleti la mbao, hakikisheni mbao hizo zina muhuri wa kwamba zimeuliwa wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa moto nyuzi 56 kwa dakika 30, maana bila muhuri huo Kanada haizipokei. Na mbuzi yako ya kukunia nazi, hukuitaja lakini naamini unayo, ichukue. Isugue miguu yote kwa brashi mpaka udongo wa uani uishe kabisa. Udongo kule hauingii, hata ule uliokwama kwenye ufa wa kigoda. Kinu na mchi vivyo hivyo.

Kama mna uwezo wa kuchagua tarehe, pigeni hesabu mzigo ufike kati ya Mei na Agosti. Hewa ya kule wakati huo ina unyevu zaidi, mbao itapata miezi ya kushuka taratibu kabla joto la ndani halijawashwa. Mzigo ukifika Januari, msiufungue siku hiyo hiyo. Uacheni ndani ya mablanketi siku mbili tatu, kisha kasha liwekwe chumba chenye ubaridi kidogo, na kama nyumba ina chumba cha chini ya ardhi kisichopashwa joto sana, hapo ndipo pake kwa majira ya kwanza. Lisikae karibu na tundu la joto, wala lisipigwe na jua la dirishani. Nunueni kipima unyevu wa hewa, ni kitu kidogo cha bei ndogo, na mashine ya kutia unyevu. Kikisoma kati ya asilimia 35 na 40, kasha litakaa salama na ngozi zenu pia. Baridi ikizidi na madirisha yakaanza kutiririka maji, shusheni mpaka 30, ukuta usiote koga.

Haya yote nimesema bila kuona vitu vyenyewe. Kabla hamjalipia kontena, mtafuteni fundi mwenye kipima unyevu wa mbao, ile mashine ya sindano mbili. Kitanda kikisoma 12 mpaka 15 kiko tayari. Chochote kinachozidi 20 hakijakauka, nani aseme nini. Kasha likiwa na bamba zilizonyanyuka sasa hivi, au chini pameoza, lipeleke kwa anayejua kukarabati vitu vya kale kabla ya kuliruhusu lisafiri, na kama atakwambia halihimili, msikilize yeye kuliko mimi.

Na shemeji nenda naye. Msimame pamoja kwenye karakana, ashike kurunzi yeye, usome namba wewe. Nimewaona wengi wanaohama hapa, wageni wa mbali na watu wa pwani kama nyinyi, wanagombana juu ya kabati mpaka usiku wa mwisho, na anayesema tuuze vyote mara nyingi ndiye anayeogopa zaidi kutazama nyumba ikibaki tupu.

La mwisho ni la baridi yenu ya kwanza. Usiku mmoja mtasikia mlio kutoka kwenye kasha, kama kijiti kimevunjwa. Washeni taa mtazame. Kama ni ufa mwembamba unaofuata nyuzi, andikeni tarehe kwa penseli kwa ndani, mweke alama ufa unapoishia, mkalale. Msiujaze gundi wala chokaa ya mbao mwaka ule, kwa sababu majira ya joto ubao utavimba, ukute nafasi yake imezibwa, upasuke pengine. Ukipita mwaka mzima na ufa haujavuka alama yenu, nipigie picha, nitakwambia uzibwe kwa kitu gani.